Mwanangu, mlango wa Oberzell

Mwanangu,

Barua yako ya mafunzo nimeisoma, na majirani wameshasikia kwamba unakwenda kisiwa cha Reichenau, kule Ujerumani. Lakini kinachoninyima usingizi ni mlango wa kanisa la Mtakatifu Georgi, pale Oberzell, ncha moja ya kisiwa, lenye michoro ya kale ukutani. Usiuache wazi, hasa mwezi Mei, jua linapoanza kukudanganya.

Wakati huo kuta bado zina baridi ya miezi mingi. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60, ikigusa ukuta ulio chini ya nyuzi 12, hutoa maji. Maji huyeyusha chumvi iliyomo kwenye lipu. Hewa ikikauka, chumvi hurudi kuwa punje nyuma ya rangi, ikaibandua. Unyevu unaopanda na kushuka kila siku huharibu kuliko ule uliotulia. Pumzi za wageni nazo ni maji, ndiyo maana msimu wa joto huingia kwa vikundi na mwongozaji. Pima ndani, pima nje, linganisha, ndipo ushike kitasa. Ukiambiwa "tupitishe hewa kidogo," kataa kwa adabu.

Mkono wako ni mwepesi, hilo nalisema mbele ya yeyote. Ila una haraka ya kusafisha, nimekuambia mara ngapi? Ile michoro ya miujiza minane ya Yesu, minne kila upande, ni ya karne ya 10. Ilifunikwa kwa chokaa, ikafunuliwa karne ya 19, na rangi zilizopakwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka ndizo zilizopotea zaidi. Sifongo yenye maji itamaliza zilizobaki. Mulika tochi kwa ubavu. Palipovimba, weka alama kwenye mchoro wako, usipaguse. Vumbi ni la brashi laini, kavu. Saruji isikaribie ukuta huo kabisa, ina chumvi zake.

Siku ya mapumziko nenda Niederzell, ncha ya pili ya kisiwa. Kristo aliye kwenye kuba nyuma ya altare ni wa mwanzoni mwa karne ya 12, na chini yake mitume na manabii wamepangwa, kila mmoja katika tao lake. Kule Oberzell watu waliochorwa wanajongea na mikono inasema. Kaa uitazame tofauti hiyo, usipige picha tu ukaondoka.

Na mlango, tafadhali.

Sweta la sufu liko kwa shangazi yako, lipitie kabla hujafunga begi. Mdogo wako anakitaka chumba chako, sijamjibu. Fundi anasema bati la jikoni libadilishwe kabla ya masika, nisaidie kumuuliza bei, wewe anakuogopa.

Mama yako