Dakika sita nilizozikata: barua kwa binamu yangu wa Newala

Binamu yangu,

Salaam kutoka Buguruni. Shangazi mpe shikamoo yangu, mwambie Jumapili nitampigia.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye daladala, nikaurudia nilipofika mezani kwangu Kariakoo, na usiku nikaurudia tena. Hukunilaumu hata kidogo. Ulisema tu: "Simu inachaji, kaka, ila kidole haisomi tena. Nadhani nilivuta vibaya." Maneno hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi, kwa sababu hukuvuta vibaya. Ulivuta kama nilivyokuonyesha.

Nakuandikia mahali pa wazi kwa kuwa video ile niliyoiweka mtandaoni, ya kubadilisha tundu la chaji la simu nyumbani, hukuitazama peke yako. Wapo wengine walioifuata, na huenda wapo waliokata utepe uleule wa kisomeo cha kidole wakaamini kwamba mikono yao si ya ufundi. Barua hii ni yao pia.

Kazi yenyewe, ya kubadilisha sistimu chaji, yaani sehemu ya kuchajia, kwenye simu kama yako, si kubwa. Tundu la chaji limekaa kwenye kibodi kidogo chini ya simu, pamoja na maiki, na kibodi hicho kinaungana na bodi kuu kwa utepe mwembamba tunaouita fleksi. Huchomelei kitu. Unafungua mgongo, unachomoa betri, unatoa skrubu, unaachanisha fleksi, unatoa kibodi cha zamani na kuweka kipya. Ndiyo maana niliichagua iwe kazi ya kwanza kuifundisha. Mtu aliye mbali na fundi anaweza kuifanya mezani kwake, ilimradi apate spea. Na kusema kweli nilikuwa nakufikiria wewe. Mhazini wa kikoba akikosa simu siku tatu, wanachama wote wanakaa roho juu, hawajui kama michango yao imeingia.

Nilirekodi chumbani, siku ya Jumapili, mtaa ukiwa umetulia kidogo. Simu ya kurekodia niliilaza juu ya rula mbili zilizovuka kutoka ndoo moja hadi nyingine, kamera ikitazama chini. Taa nikaihamisha mara tatu mpaka kivuli cha kichwa changu kikaondoka juu ya meza. Nilipomaliza nilikuwa na dakika 41. Kisha nikakaa kuhariri, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Mgongo wa simu yako umebandikwa kwa gundi. Ili uachie, unaupasha joto kwa draya ya nywele, unazunguka kingo zote, unapitisha kadi laini ya plastiki, unapasha tena, unapitisha tena. Mimi ilinichukua dakika 6 na ushee. Ukitazama dakika hizo unaona mkono unazunguka, draya inavuma, mkono unazunguka. Nikafikiria bando la mtazamaji. Nikafikiria kwamba mtu atachoka aondoke kabla hajafika kwenye kazi yenyewe. Nikazikata zote. Katika video uliyoiona draya inawashwa, na papo hapo mgongo umeshaachia.

Baada ya ujumbe wako nimeitazama upya rekodi nzima, ile isiyokatwa. Mgongo unapoanza kuachia upande wa vitufe vya sauti, mkono wangu wa kushoto unasimama. Kabisa. Kidole cha shahada kinaingia kwenye upenyo na kupapasa. Ninauinua mgongo kiasi cha unene wa punje ya mchele, ninauinamisha kando kama mtu anayefungua kitabu kilicholowa, ninachungulia, halafu kwa kucha ninaachanisha utepe wa alama ya kidole. Kile kisomeo cha kidole kimebandikwa kwenye mgongo, lakini utepe wake umeungwa kwenye bodi, nao ni mfupi, haufiki hata urefu wa kidole gumba. Ukiuvuta mgongo moja kwa moja, utepe unakatika, na wala husikii mlio.

Niliukata utepe kama huo mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, kwenye simu ya mama mmoja wa Ilala aliyekuwa ananisubiri amesimama. Nilimlipa. Tangu siku hiyo mkono wangu unasimama wenyewe ukifika pale. Lakini mdomo wangu haukuwahi kulisema hilo, maana hakuna aliyewahi kuniuliza. Kijana akija kujifunza anaketi kando yangu, akiona mkono umesimama naye anasimama, anauliza "kaka, vipi?", ninamwonyesha. Nawe nilikunyima mahali pale pa kuuliza. Nilikata hapohapo mkono uliposimama.

Hilo linaniuma zaidi nikikumbuka mimi mwenyewe nilivyojifunza. Sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu bodi niliyapata kwenye video za mafundi wa India wanaozungumza Kihindi. Kihindi sijui neno. Nilikuwa natazama mikono tu. Zilikuwa video ndefu, nyingine mtu anapiga chafya katikati, nyingine anatafuta skrubu iliyodondoka chini ya meza na kamera inaendelea kurekodi meza tupu. Wakati ule niliona wananipotezea bando. Leo najua kwamba nilijifunza kwa sababu hawakukata kitu: nilijua kazi ya nusu saa ni ya nusu saa, sikuharakisha.

Mwaka 2003 huko California vijana wawili wa chuo, Kyle Wiens na Luke Soules, walianzisha iFixit, tovuti ya miongozo ya kutengeneza vifaa, baada ya kuhangaika na kompyuta bila kupata mwongozo wa kuitengeneza. Miongozo yao imeandikwa hatua kwa hatua, kila hatua na picha zake. Zamani niliona ni mtindo wa watu wenye muda. Sasa nimeelewa faida yake. Picha inakusubiri. Unaweza kuweka bisibisi chini, ukanawa mikono, ukamjibu mtoto, ukarudi ukaikuta palepale. Video inakutangulia, na mtu akitanguliwa anakimbia. Kwa hiyo kazi hii nimeirudia yote kwa picha na maandishi. Ni nyepesi kufungua hata kwa bando dogo, na pale pa utepe nimeweka picha nne, kutoka pande nne, na maneno haya: acha kuvuta, chungulia kwanza. Video nayo nimeirekodi upya, nikaziacha zile dakika sita zilivyo. Asiyetaka kuzitazama atazirusha mwenyewe.

Maneno pia nimeyabadilisha. Mara ya kwanza nilisema "chomoa konekta" kana kwamba kila mtu kazaliwa na neno hilo. Nilipokuwa naandika nilikwama nusu saa nzima nikitafuta jinsi ya kumwambia mtu asiyewahi kuona ndani ya simu. Mwishoni nikakumbuka nguo za watoto wachanga, zile zenye vifungo vya kubonyeza. Kiungio cha fleksi ni kifungo kile kile, kidogo zaidi. Unakiinua wima kwa ukucha au kijiti cha plastiki, hukivuti kwa upande. Kukirudisha unakilenga kwanza, ukihisi kimekaa ndipo unabonyeza, nawe utausikia mlio wake kwenye ncha ya kidole. Ukilazimisha kabla hakijakaa, pini zinalala na bodi inakuwa na kazi nyingine. Najua wewe umewafungia watoto wa dada yako vifungo hivyo mara elfu. Ningelisema hivyo tangu mwanzo.

Kuna jingine ambalo kwako halikuleta madhara, lakini lazima niliseme. Nilianza na bisibisi. Hilo nalo ni kosa. Nilianza kujifunza kazi hii mwaka 2016, mwaka ambao TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia, usiku wa tarehe 16 Juni. Wiki ile watu walituletea simu nzima kabisa, wakidhani zimekufa. Jambo la kwanza lilikuwa kubonyeza *#06#, kusoma IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na kuihakiki, kabla ya kugusa skrubu hata moja. Nilifundishwa mapema kwamba simu isiyofanya kazi si lazima iwe mbovu. Nikaja kulisahau mbele ya kamera.

Yako ulinitumia picha nikaona ulimi wa ndani ya tundu umevunjika, hilo halikuwa na mjadala. Lakini simu nyingi zinazoletwa mezani kwangu kwa sababu "hazichaji" zimejaa vumbi la mfukoni tu. Nyuzi za suruali zinashindiliwa humo kila unapochomeka waya, mpaka zinakuwa kama godoro dogo, waya haufiki mwisho. Unazima simu, unachukua kijiti cha meno cha mti, wala si sindano wala pini, unachokonoa taratibu pembeni, huku ukimulika na tochi. Nimewahi kutoa kitu kama fundo la pamba. Kisha unajaribu waya mwingine na kichwa kingine cha chaji. Na naumia kusema kwamba wapo mafundi, hata jirani na meza yangu, wanaochokonoa vumbi hilo wakiwa wamekupa mgongo, kisha wanakudai hela ya sistimu mpya. Kwa sababu yao hatua ya kijiti cha meno sasa ni ya kwanza kabisa, kabla sijataja spea yoyote. Anayeishia hapo na simu yake ikachaji, kazi yangu imekamilika.

Mchele nimeufuta. Nilisema kwa kupita tu kwamba simu ikiingia maji itiwe kwenye mchele, kama tunavyosema wote. Mchele hauyavuti maji yaliyo chini ya vibati vya bodi, na chumvi inabaki palepale ikila shaba. Apple wenyewe mwaka 2024 waliwaambia wateja wao wasiweke simu kwenye mchele, kwa kuwa chengachenga zake zinaweza kuidhuru. Simu iliyodondoka baharini pale kwenye kivuko cha Kigamboni inatakiwa izimwe, isichajiwe, ifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti mapema iwezekanavyo.

La mwisho ni betri, na hapa naomba unisikilize kama kaka yako. Sikukuambia ushushe chaji chini ya asilimia 25 kabla ya kufungua. Sikukuambia kwamba betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka yenyewe, na kwamba betri iliyovimba haibonyezwi wala hainyanyuliwi kwa bisibisi. Nimeshaona moja ikitoa moshi mezani kwa mwenzangu, ncha ya bisibisi imeingia upana wa ukucha tu. Moshi ule ni mzito na unakaba koo. Sisi tulikuwa na kopo la mchanga. Wewe ulikuwa na kitambaa cha meza na mtoto pembeni, nimeona kwenye picha uliyonitumia. Nilipoiona picha hiyo ndipo nilipoiondoa video ya zamani, kabla sijamaliza kutengeneza mpya.

Kisomeo kipya cha kidole nimekipata, rangi ileile ya buluu. Nimekifunga kwenye boksi la kiberiti, boksi ndani ya soksi, na soksi ndani ya bahasha ngumu. Kesho alfajiri nakipeleka Mbagala kwenye mabasi ya kusini. Namba ya konda nitakutumia. Ndani ya bahasha kuna karatasi niliyochora umbo la simu, na duara mahali pa kila skrubu. Ukitoa skrubu iweke juu ya duara lake. Ile ndefu ya chini kushoto usiichanganye na nyingine, ikiingia pasipo pake inaweza kutoboa bodi.

Bahasha ikifika usianze peke yako. Nipigie kwa simu ya shangazi, uiweke spika, halafu wewe ndiye unisomee hatua kwa sauti na kuniambia unachokiona. Nataka kusikia unasimama wapi.

Ndugu yako,
Buguruni