Mwana, kuhusu mtoto wa Salma

Mwana shoga angu,

Habari za Tanga? Mama hajambo? Mpe shikamoo yangu, na uniambie wale wapangaji wa uani wamehama au bado wanawapigia muziki usiku kucha. Mi mzima, ni hili baridi la Köln tu linataka kunitoa roho. Haya, salamu zimetosha, nina jambo limenikaa kifuani tangu nisikilize ile voisi uliyorekodi ukiwa kwenye daladala, konda anapiga kelele nusu ya maneno siyasikii ila nilichosikia kimenitosha.

Eti wamemfukuza Neema, dada wa kazi! Kisa mtoto kavunjika paja na yeye ndo alikuwa kambeba. Afu hapohapo Bi Tausi, bibi yake mtoto, anasema kuna mkono wa mtu, mtoto apelekwe Handeni kwa mganga. Sasa ni mkono wa mtu au mkono wa Neema, si wachague moja jamani.

Sikiliza, Salma kanitumia picha ya majibu ya kile kipimo cha jeni. Mtoto ana osteojenesisi imperfekta, ugonjwa wa kuzaliwa wa mifupa kuvunjika ovyo, mtoto 1 hivi kati ya 15,000 hadi 20,000 anazaliwa nao. Na we unajua kazi yangu huku ni hizohizo protini zinazokaa nje ya seli na kuushikilia mwili usibomoke, kwa hiyo ile karatasi niliielewa haraka kuliko nilivyotaka. Jeni ya COL1A1, ile inayotoa maagizo ya uzi wa alfa 1 wa kolajeni, protini inayoshikilia mfupa; asidi amino moja tu, yaani shanga moja ya ule uzi, imebadilika, palipotakiwa glaisini pamekaa serini. Moja, kwenye uzi wenye zaidi ya elfu moja!

Hamza kauliza swali zuri kuliko tunayoulizana kwenye semina: kama mtoto ana nakala mbili za jeni, moja nzima na moja mbovu, kwa nini ile nzima isitoshe?

Hapo ndo penyewe. Kolajeni ya mfupa inasukwa kwa nyuzi tatu, we msusi utanielewa upesi kuliko Hamza. Nyuzi mbili ni za alfa 1, moja ya alfa 2. Na kila nafasi ya tatu kwenye uzi lazima ikae glaisini, maana ndo ndogo kuliko zote na katikati ya msuko hamna nafasi ya kitu kingine. Serini ikijipenyeza pale msuko unakwama kwanza, ndo uendelee kwa kusuasua. Sasa piga hesabu: alfa 1 inaingia mara mbili, kwa hiyo kati ya misuko minne ni mmoja tu unaobahatika kupata zote mbili nzima. Robo tatu inaharibika kwa ubovu wa nusu! Lakini mtu ambaye nakala yake moja imezimika kabisa, haitoi kitu, huyo anapata kolajeni nusu ya inayotakiwa ila yote safi, na mara nyingi ndo wale wenye ugonjwa mwepesi, wanavunjikavunjika utotoni afu wanakua wanafanya kazi zao. Yaani heri uzi usiwepo kuliko uwepo mbovu. Nimelisoma darasani hilo na kulijibu kwenye mitihani, ila kulisoma kwenye karatasi ya mtoto niliyechagua jina lake... basi tu.

Na mi haya mambo nayaona kwa macho. Tunachukua kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa, seli zake tunazilea kwenye chupa bapa zenye maji ya pinki, tunazitilia vitamini C maana bila hiyo seli haikazi kolajeni (wale mabaharia wa zamani waliokuwa wanatoka damu kwenye fizi, tatizo lao ndo hilo). Afu ile kolajeni tunaipitisha kwenye jeli ya umeme, nyepesi inakimbia mbele, nzito inabaki nyuma. Ya mtu asiye na ugonjwa inatoa mstari mwembamba, safi. Ya mgonjwa wa glaisini mstari unakuwa mnene, kingo zimefifia, na umebaki nyuma, kwa sababu msuko ukichelewa kujifunga vimeng'enya vinazidi kuupachika visukari na vikorokoro mpaka unakuwa mzito. Nyingine inarundikana humohumo ndani ya seli, seli inaelemewa. Nyingine inatoka, na mfupa unajengewa hiyohiyo.

Kwa hiyo mwambie Bi Tausi supu ya kongoro haina dhambi, na maziwa mtoto anywe kama watoto wote, ila mfupa huu haujakosa madini. Ukiupima kwa karibu umejaa madini kuliko wa kawaida, umekakamaa, ndo maana unakatika. Na ile kauli ya "kwetu hakuna ugonjwa huo, umetoka kwa akina Salma" aiache kabisa. Wazazi wote wawili wamepimwa hawana, badiliko limeanza kwa mtoto mwenyewe. Yale macho yake mazuri tuliyokuwa tunayasifia, ule weupe wenye ubluu, ni ngozi ya jicho nyembamba, nayo ni kolajeni ileile.

Ila kuna moja linanitisha, ndo nataka msaada wako. Bi Tausi bado anamkanda mtoto na mafuta ya nazi, anamnyoosha miguu kama tulivyonyooshwa sisi sote? Mwana, asimvute. Na kumbadilisha nepi asinyanyuliwe kwa vifundo vya miguu, mkono upite chini ya makalio na mwingine nyuma ya mabega. Asibebwe kwa makwapa. We anakusikiliza, mi ataniona mtoto wa juzi niliyelewa Uzungu. Mi sio daktari, hayo ya dripu za bisfosfoneti Salma aongee na daktari wa mifupa ya watoto, zinapunguza mfupa kuliwa na mwili wenyewe ila msuko hazirekebishi, asije akauziwa maneno kwamba zinaponya.

Na Neema je? Yuko Lushoto kwao au kapata kazi pengine? Mshahara wake wa mwisho alipewa? Una namba ya kaka yake? Salma ameshampigia kumwambia majibu yalivyotoka, au anaona aibu? Na paja lenyewe, hogo la plasta limetolewa au bado? Mtoto anakula, anacheka? Safari ya Handeni imeahirishwa au wanaenda kimyakimya? Nijibu leoleo, hata kwa voisi, ila shuka kwenye daladala kwanza.

Wako,
Zuhura