Kwa wanangu mnaoomba vyuo: neno na jirani yake

Marahaba, wanangu.

Barua zenu za kuomba vyuo na ufadhili nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Karibu kila moja ina sentensi hii au ndugu yake: "I want to study deeply economics." Naijua ilikotoka. Ilizaliwa kwa Kiswahili, "nataka kusoma kwa kina uchumi", kisha ikavishwa nguo za Kiingereza. Msione aibu. Shule ya msingi tulifundishwa kwa Kiswahili, sekondari masomo yakageuka Kiingereza, na hakuna aliyetukalisha kitako atuambie neno lipi huandamana na lipi.

Mgeni akikwambia "nitakufanyia simu", utamwelewa, lakini utajua ni mgeni, maana simu sisi tunapiga. Pasi tunapiga, picha tunapiga, hata hodi. Ukimwuliza Mswahili kwa nini, hana jibu. Ndivyo maneno yalivyozoeana. Kiingereza nacho kina mazoea yake.

"Deeply" limezoeana zaidi na hisia na fikra: "deeply grateful", "deeply sorry", "think deeply". Kusoma kwa kina ni "study economics in depth", au "in greater depth" kama msingi unao tayari. "In depth" likitangulia nomino huwekewa kistari: "an in-depth study". Tena Kiingereza hakipendi neno lijipenyeze kati ya kitenzi na yambwa yake, kwa hiyo "economics" ikae ubavuni mwa "study" kabla ya kitu kingine chochote.

Kinachotuponza zaidi ni kitenzi chetu "kusoma". Tunasoma gazeti, tunasoma chuoni, tunasoma udaktari. Waingereza husema "she read law at Cambridge", ni sahihi, lakini ni usemi wa kizamani kidogo, na msomaji wa Marekani anaweza kudhani unazungumzia kusoma vitabu tu. Andikeni "study". Kwa chuo cha Marekani, somo kuu la shahada ya kwanza ni "major in". Kujikita kwenye tawi moja ni "specialise in", na Wamarekani huliandika kwa z. Utafiti nao, kwa kuwa sisi tuna tafiti nyingi, mnaandika "make researches". Kwao "research" haihesabiki: "do research", basi.

Wawili kati yenu mmetumia "dig deep" kwa maana ya kuchimba somo. Hilo huambiwa mkimbiaji aliyeishiwa pumzi mzunguko wa mwisho, au mchangiaji aingize mkono mfukoni. Kuchimba jambo ni "dig deeper into". Na "delve into" ni neno zuri, nimelifundisha miaka mingi, lakini tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 limezagaa mno kwenye maandishi, hadi wasomaji wengine wakiliona wanashuku barua imeandikwa na mashine. Inaniuma, ila kwa sasa liacheni.

Mkitilia shaka neno, msiniulize mimi tu. British National Corpus ni hazina ya maneno milioni 100 ya Waingereza, ya maandishi na ya mazungumzo. Ile ya Marekani, COCA, imepita bilioni moja. Mnaweza kuzipekua mtandaoni bila kulipa. Andika "study", uone majirani zake ni akina nani.

Binti mmoja alikuja na aya nzima ya "deep", "deeper", "deepest" kuhusu sayansi ya mimea. Nikamwomba anieleze kwa mdomo. Akaanza habari za mihogo ya baba yake, majani yanavyoonekana mazima, halafu siku ya kuvuna unakata muhogo ndani unakuta umeoza, rangi ya kahawia. Huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia, unaosambazwa na inzi weupe. Aliongea robo saa bila kupumua. Tukaifuta ile aya, akaandika: "I want to study how whiteflies spread brown streak disease in cassava." Neno "depth" halimo.

Ambao bado, leteni barua zenu kabla ya Jumamosi. Na kila mmoja anieleze kwanza kwa mdomo, kwa Kiswahili.

Mwalimu wenu mstaafu,
Muheza, Tanga