Kwa wanangu wa Mombasa mnaotaka kusomea wanyamapori

Wanangu, assalaam aleikum.

Wengi wenu mmeniuliza mjaze shahada gani KUCCPS, huduma ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, ili muje kuwa wanabiolojia wa wanyamapori. Kazi hiyo nimeifanya hadi kustaafu, na ninachokiona kinanitia wasiwasi: mnachagua kwa jina. Mkiona kozi imeandikwa "wanyamapori" mnaijaza, wala hamuulizi ndani kunasomwa nini.

Usimamizi wa wanyamapori ni njia moja, zuolojia na biolojia ni nyingine. Ukisomea usimamizi utafunzwa sheria, ikiwemo ile ya wanyamapori ya mwaka 2013, utalii, ulinzi wa hifadhi, na namna ya kuketi na mkulima ambaye ndovu wamemmalizia mahindi. Ni kazi ya heshima. Chuo cha Mweka, kule Kilimanjaro, kinaifundisha tangu 1963. Mwenye moyo nayo aende, na dua zangu anazo.

Lakini kuna wenzenu wanaouliza maswali ya aina nyingine. Palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda, wa Shimba Hills kule Kwale, kwa mfano, ndio pekee waliobaki porini Kenya nzima. Kundi lililojitenga hivyo, damu mpya italipata wapi? Anayekosa usingizi kwa swali kama hilo anahitaji jenetiki, ekolojia na takwimu, na mara nyingi atayapata kwa kina zaidi kwenye zuolojia au biolojia, hata kama jina la shahada halina mnyama hata mmoja.

Hapo kwenye takwimu ndipo nawasihi sana. Najua baadhi yenu mmewapenda wanyama huku mkiikimbia hesabu. Basi sikilizeni wanyama wanavyohesabiwa. Unanyoosha mstari msituni, unaufuata taratibu, na kila mnyama unayemwona unapima yuko umbali gani kutoka kwenye mstari. Unaandika kwa penseli, maana wino mvua huufuta. Walio mbali huwa rahisi kukupita bila kuwaona, kwa hiyo kutokana na vile vipimo vya umbali unakadiria ni wangapi hukuwaona. Asiyejua takwimu atarudi na karatasi zilizojaa na hatakuwa na la kusema. Programu ya R, ya kufanyia takwimu kwenye kompyuta, ni ya bure. Anzeni kujifunza sasa, msingoje mwaka wa tatu.

Tena, msidhani wanyamapori ni simba wa Mara tu. Makao makuu ya KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, yako hapa hapa Mkomani. Mikoko ya Tudor iko mlangoni kwenu, hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iko Kwale, na kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke kuna bundi mdogo ambaye wataalamu huvuka bahari kuja kumtafuta. Anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani au TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa, anaweza kutoka darasani na kuingia kwenye matope ya kazi yake siku hiyo hiyo. Hilo mimi nalithamini kuliko sifa za chuo cha mbali.

Na nyinyi wazazi mnaosema binti hawezi kulala porini: anaweza. Mwacheni ajaze anachokitaka.

Ajira si nyingi, sitawaficha. Kuna KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kuna taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori ya Naivasha, kuna kaunti na mashirika, lakini nafasi nyingi za utafiti zinataka shahada ya pili. Ndiyo maana nasema shahada ya kwanza iwe pana, isikufungie mlango wa samaki, wa misitu wala wa maabara.

Kabla ya kujaza, ombeni chuoni orodha ya masomo ya miaka yote minne. Tazameni takwimu zinafundishwa mara ngapi, safari za nyanjani ni ngapi, na atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, hufanyika wapi. Anayekwama aniletee orodha yake baada ya alasiri, tuisome pamoja.