Madaftari ya shule kongwe za misheni yasiachiwe mchwa

Ndugu Mhariri,

Ikitajwa shule ya Pugu, kinachokumbukwa ni kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha pale hadi alipoacha kazi mwaka 1955, wakati huo ikiitwa St. Francis na kuendeshwa na mapadre wa Roho Mtakatifu. Sawa kabisa. Lakini maisha ya shule za namna hii yamo kwenye rejista ya wanafunzi, kitabu cha wageni, daftari la adhabu na, zaidi ya yote, leja ya stoo. Gawanya magunia ya unga na maharage kwa idadi ya vijana wa bweni, utajua muhula upi walishiba na upi uji ulikuwa mwepesi. Hakuna hotuba ya mahafali inayokueleza hilo.

Sheria ya Elimu ya 1969 ilipoziweka shule hizi chini ya serikali, karatasi zilitawanyika: za ubatizo parokiani, za masomo ofisini, kisha stoo. Majina nayo yalibadilika. St. Mary's ya Tabora, alikofundisha Mwalimu kabla ya kwenda Edinburgh, leo ni Milambo. Asiyelijua jina la zamani hupekua bure.

Wanaojaribu kuokoa madaftari mara nyingine huyaumiza. Selotepu ni adui: gundi yake hugeuka manjano, hupenya karatasi na haitoki. Laminesheni, yaani kufunika karatasi kwa plastiki ya moto, vilevile haina kurudi nyuma. Kuanika juani hufifisha wino. Daftari lenye unyevu lianikwe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachanishwa. Rafu iwe ya chuma, sentimita 15 kutoka sakafuni na isiguse ukuta, maana mchwa na unyevu hupitia humo.

Kupiga picha, simu inatosha. Andika namba za kurasa kwa penseli, kaa karibu na dirisha, zima flashi, shika simu sambamba na ukurasa, wala usiruke kurasa tupu: ikikosekana moja, hutajua kama ilichanwa. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe ofisi ya jimbo la Kanisa. Daftari la adhabu lisiwekwe hadharani. Wengi walioandikwa humo wangali hai.

Stoo nyingi husafishwa likizo ya Desemba, na makaratasi huchomwa. Tunawaomba wakuu wa shule watoe agizo mapema: daftari lolote lisipelekwe shimoni kabla mwalimu wa historia hajalifungua.

Walimu wastaafu wa historia,
Dar es Salaam