Vidonge si afadhali kuliko sindano

Mhariri,

Nafundisha mazoezi ya vyuma hapa Magomeni, na kauli ninayoisikia kila wiki kwa vijana wanaotumia steroidi, dawa za kukuza misuli, ni hii: "Mwalimu, mimi sijichomi sindano, nameza tu." Wanaisema kama mtu anayejisifu kwamba hagusi gongo, yeye ni bia tu. Vidonge vyenyewe huhesabiwa vikatiwa kwenye bahasha ya kaki, bila jina wala maelezo.

Mambo yako kinyume. Steroidi hizi zimeigwa kutoka testosteroni, homoni ya kiume. Testosteroni ya kawaida ukiimeza, ini huivunja karibu yote kabla haijafika kwenye misuli. Ndipo wataalamu wa kemia wakaibadilisha umbo mahali pamoja, panapoitwa kaboni ya 17, ini lisiweze kuivunja upesi. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa steroidi ya kumeza iitwayo Dianabol, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1958, na pia stanozolol, iliyompokonya mkimbiaji wa Kanada Ben Johnson dhahabu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Kile kile kinachokifanya kidonge kifanye kazi ndicho kinacholiumiza ini.

Mwaka jana kijana wangu mmoja alianza kuwashwa viganja. Ilifika akawa anajikuna kwa kitana, chuma kiko chini kinamsubiri. Mkojo wake, alivyoniambia kwa aibu, ulikuwa kama chai ya rangi. Hata mimi nilidhani ni malaria, mpaka siku nilipomtoa nje juani nikamtazama macho: manjano matupu. Nyongo ilikuwa haitoki kwenye ini inavyopaswa. Aliacha vidonge, na manjano ilichukua wiki nyingi kuisha.

Yaliyofuata vijana hawasimuliani. Ubongo ukiona damu imejaa homoni ya kutoka nje, huacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Nazo husinyaa, mbegu zikapungua, na ukiacha vidonge haziamki siku hiyo hiyo. Alikaa miezi hana hamu, mnyonge, misuli ikimwisha mwilini. Niliyemwonea huruma zaidi ni mkewe, aliyekuwa akiulizwa na mawifi kwa nini hashiki mimba.

Ombi langu ni kwa wauguzi na madaktari wa zahanati zetu. Akija kijana mwenye macho ya manjano na mabega yamemjaa mlangoni, muulizeni anameza nini, kisha mpimeni ini, na testosteroni asubuhi. Huyu wangu alipimwa malaria mara mbili. Hakuulizwa, naye hakusema.

Mwalimu wa mazoezi,
Magomeni, Dar es Salaam