Jahazi lililotoka jikoni

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu mmoja aliwacheka vijana waliotunga muziki kwa mlio wa cherehani, honi za bodaboda na maji ya bomba. Akauita wazimu wa Wazungu. Naomba nafasi nimjibu, maana miaka 27 nimekula kwa kelele hizo hizo.

Nilikuwa fundi mitambo redioni. Mara moja mchezo wa kuigiza ulitaka mlio wa jahazi likiburutwa mchangani, na gari la kwenda Sahare halikuwapo. Nikamnasa mama watoto akikuna nazi, kisha utepe nikauzungusha kwa nusu ya mwendo wake. Mlio ukashuka, ukawa mzito. Krr-krr ya mbuzi ikageuka mbao zinazolia. Mtangazaji mwenzangu aliapa kwamba nilishinda ufukweni. Mke wangu naye akawatangazia majirani wote kuwa jahazi lile ni nazi yake ya futari.

Sasa huo uzungu uko wapi? Mwaka 1944, mjini Kairo, Mmisri Halim El-Dabh aliazima redioni kinasa sauti cha waya, chombo kizito kweli, akaenda kunasa wanawake wakiimba kwenye zaar. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa: ni ngoma ya kupunga pepo. Aliporudi studio alizichuja sauti zile, akaondoa zile nzito za chini, akaziongezea mwangwi, hadi ukabaki mvumo ambao huwezi tena kusema ni wa mtu au wa kitu gani. Ilikuwa miaka 4 kabla Mfaransa Pierre Schaeffer hajanasa garimoshi kwenye stesheni ya Batignolles, Paris. Huyo alifanyia kazi sahani za santuri, tena aliifunga makusudi mifereji yake iwe duara ili sindano irudierudie pale pale. Waliokuwa na santuri yenye mkwaruzo watanielewa. Sisi tuliipiga kofi, yeye akaitungia muziki.

Na Hugh Le Caine wa Kanada, mwaka 1955, alitumia tone moja tu la maji. Alilinasa, akabadilisha mwendo wa utepe, tone likapanda na kushuka kama marimba. Kwa hiyo bomba la vijana wale lina ukoo.

Ninalolilalamikia mimi ni jingine. Kituo nilichofanyia kazi kilifuta tepe zangu karibu zote ili kurekodia matangazo ya vifo. Imebaki moja, ndani ya kopo la biskuti, nami sina mashine ya kuipigia. Vijana wale kama wanayo, au wanamjua aliye nayo, waje Ngamiani waulizie fundi wa redio. Ikishindikana waje na simu zao tu: mbuzi ipo, na mama watoto bado anakuna, ila siku hizi anadai alipwe.

Fundi mitambo mstaafu,
Tanga